Jenerali Montgomery wa Broadway: mnara ulisimama kanisani miaka 30 kabla ya maiti yake kufika

Fundi Makaburi (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu,

Uzi huu nimeubeba muda mrefu, leo nipo mapumziko ngoja niutue. Nina mwaka wa 7 hapa New York. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi wa kujengea makaburi, Tanga. Vigae kwa wengi, terazo kwa wenye uwezo kidogo, marumaru yenyewe kwa mwenye nazo. Kazi ile imeniachia ugonjwa: sipiti penye kaburi bila kutazama msingi umekaaje, viungo vimezibwa na nini, herufi zimechongwa au zimepakwa rangi tu. Wenzangu wanapiga picha maghorofa, mimi simu imejaa mawe ya marehemu nisiowajua.

Sasa hapa Broadway, kati ya mtaa wa Fulton na Vesey, kuna kanisa linaitwa St. Paul's Chapel. Lilijengwa 1766, na Manhattan nzima hakuna jengo la kanisa linaloishinda hiyo kwa umri. Nyuma yake ni uwanja wa makaburi, na ukivuka uwanja huo uko pale yalipokuwa maghorofa pacha yaliyoanguka 11 Septemba 2001. Kanisa likabaki. Kinachonichekesha ni kwamba limeipa Broadway kisogo. Mnara wa kengele uko upande wa makaburini. Upande wa barabara kubwa kuna baraza la nguzo, na chini ya dirisha la baraza hilo ndipo alipo mwenyeji wetu wa leo.

Ni nguzo fupi ya marumaru, juu yake gudulia kama la kuwekea majivu ya wafu, pembeni silaha za kuchongwa, rungu na kofia ya uhuru. Chini kuna maandishi, nayatia Kiswahili kwa kadiri yangu: mnara huu umesimamishwa kwa amri ya Kongresi, 25 Januari 1776, ili vizazi vijavyo vipokee kumbukumbu ya shukrani kwa uzalendo, uongozi, uthubutu na uvumilivu wa Meja Jenerali Richard Montgomery, ambaye baada ya ushindi mfululizo katikati ya matatizo ya kuvunja moyo alianguka katika shambulio la Quebec, 31 Desemba 1775, akiwa na miaka 37.

Pigeni hesabu wenyewe. Amri ni ya Januari 1776, na Kongresi hiyo ni baraza la makoloni ya Amerika yaliyokuwa yanamwasi mfalme wa Uingereza. Uhuru wa Marekani umetangazwa Julai 1776. Yaani hawa watu walimwagizia shujaa wao jiwe kabla hawajawa na nchi ya kumwekea! Ndio mnara wa kwanza kabisa kuagizwa na Kongresi ya Marekani.

Na aliyepewa kazi? Benjamin Franklin alikuwa Paris, akampa kazi Jean-Jacques Caffieri, mchongaji wa mfalme wa Ufaransa. Waasi wa mfalme mmoja wanachongewa jiwe na fundi wa mfalme mwingine. Bajeti Kongresi ilishapanga, isizidi pauni 300. Fundi akamaliza, mzigo ukafungwa makasha, ukapandishwa meli, ukashushwa Edenton, North Carolina. Ukakaa huko. Vita vinaendelea, nani ana muda wa kufuata makasha ya marumaru? Mnara ulikuja kusimamishwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1780.

Ukasimama bila mtu chini yake. Mwenyewe alikuwa bado kalala Quebec, Kanada, ndani ya ngome ya maadui zake Waingereza. Nakunywa chai, narudi.

Kisima cha Ngoma

Shusha nondo mkuu, nimeweka kambi hapa na mkeka nimetandika.

Mtu Pori

Samahani mleta uzi, sikatishi tamaa mtu, ila huyu jenerali anatuhusu nini? Nchi ina mambo kibao.

Fundi Makaburi (mleta uzi)

Mtu Pori, umeshawahi kusikia Montgomery, Alabama? Mji ambao Rosa Parks alikataa kupisha kiti kwenye basi mwaka 1955 na watu weusi wakatembea kwa miguu mwaka mzima? Jina la mji ule ni la huyu bwana. Uliitwa hivyo 1819, mwaka mmoja tu baada ya mifupa yake kuhamishwa kwa shangwe. Kwa hiyo jina lake umelitamka mara nyingi bila kujua unamtaja nani. Vumilia, mwishoni kuna kinachotuhusu zaidi ya hapo.

Haya, mtu mwenyewe. Siyo Mmarekani wa kuzaliwa. Kazaliwa Ireland, karibu na Dublin, 1738. Kajiunga na jeshi la Uingereza akiwa kijana, kapigania mfalme huku Amerika ya Kaskazini na visiwa vya Karibi, amefika hadi Havana 1762. Mwaka 1772 akauza cheo chake. Ndiyo, wakati ule cheo cha uofisa kilinunuliwa na kuuzwa kama shamba. Akahamia New York kuwa mkulima, na Julai 1773 akamwoa Janet wa ukoo wa Livingston, moja ya familia tajiri kupita zote kandokando ya mto Hudson. Matajiri wenye mashamba, na wenye watumwa. Kumbukeni hilo neno la mwisho.

Miaka 2 haijatimia vita vya makoloni dhidi ya Uingereza vikaanza, na Juni 1775 Kongresi ikampa ubrigedia upande wa waasi. Naamini hakuitaka sana kazi ile. Mtu aliyeuza cheo ili alime hakimbilii cheo kingine. Lakini alikwenda. Akapanda kaskazini kuelekea Kanada, akaiteka ngome ya St. Johns mwanzoni mwa Novemba, siku 10 baadaye Montreal ikawa mkononi mwake. Ikabaki Quebec.

Quebec iko juu ya jabali, ina ukuta, na ni Desemba. Nani wa humu ameshaonja Desemba ya huko? Askari wake wengi mkataba unaisha na mwaka. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari ukipita, watu wanafungasha. Kwa hiyo akaamua kushambulia alfajiri ya tarehe 31, ndani ya dhoruba ya theluji. Ofisa mwenzake Benedict Arnold atokee upande mmoja, yeye apite chini ya jabali la Cap Diamant, kwenye kinjia chembamba kando ya mto. Akatangulia mbele ya watu wake. Walinzi waliokuwa nyuma ya kizuizi wakafyatua mzinga uliojaa vipande vya risasi, na ule mlipuko wa kwanza ndio uliommaliza, yeye na baadhi ya wasaidizi wake. Waliobaki wakarudi nyuma. Upande wa pili Arnold akapigwa risasi mguuni na mamia ya watu wake wakatekwa.

Kesho yake maiti yake ilifukuliwa kwenye theluji. Guy Carleton, aliyekuwa anailinda Quebec, aliamuru azikwe kwa heshima. Wameshapigana vita upande mmoja zamani. Na hili linaniumiza: Kongresi ilikuwa imeshampandisha kuwa meja jenerali tangu Desemba 9. Barua haikumkuta. Cheo kilichochongwa pale kwenye marumaru mwenyewe hakuwahi kujua anacho.

Mwana Uvira

Aksanti sana mukubwa kwa uzi huu. Mimi niko Québec, tuko Wakongomani na Warundi wengi huku, na Desemba ya hapa usiniulize. Pahali alipokufa huyo mutu ninapajua, ni njia yangu ya kwenda kazini. Barabara inapita chini ya jabali kabisa, mto uko mukono wa pili, na hata leo upepo wa pale unakata masikio.

Kuna kibao cha chuma kwenye mwamba. Lakini si cha kumulilia Montgomery! Kinasifu wale wanaume 50 waliosimama pale bila kuogopa, wakailinda Kanada, wakamushinda Montgomery kwenye kizuizi siku ya mwisho ya 1775. Kwenu New York ni shujaa, kwetu hapa ni mwizi aliyefukuzwa usiku. Ni yule yule.

Fundi Makaburi (mleta uzi)

Mwana Uvira, hii ndiyo maana ya kuleta mambo jukwaani. Asante sana ndugu yangu. Ukipita pale tena tuwekee picha.

Mama Tausi

Baba, umetupitisha vitani vizuri, lakini mke umemwacha mlangoni. Janet ilikuwaje?

Fundi Makaburi (mleta uzi)

Shikamoo mama. Huyo nilimwekea nafasi yake.

Ndoa yao ilidumu miaka 2 na miezi kadhaa tu. Janet hakuolewa tena. Alijenga nyumba kubwa kando ya Hudson, inaitwa Montgomery Place, bado ipo. Miaka ikaenda, vita vikaisha, mnara ukaletwa, marais wakabadilishana, yeye bado mjane wa jenerali. Akaomba mumewe aletwe nyumbani. Mwaka 1818 jimbo la New York likakubali, gavana akiwa DeWitt Clinton.

Sasa nani anajua kaburi lilipo, miaka 42 imepita? Alikuwepo mzee mmoja Quebec, James Thompson, ndiye aliyesimamia maziko yale. Alikuwa ameshapita miaka 80, na ndiye aliyeonyesha mahali. Nilipokuwa Tanga nimeona mambo haya mara kadhaa. Familia inakuja kujengea kaburi la babu, uwanja umejaa nyasi, hakuna alama, na anayejua ni mzee mmoja mwenye bakora anayehesabu hatua kutoka kwenye mwembe. Mzee huyo akitangulia, basi.

Mifupa ikapandishwa meli ya mvuke kushuka Hudson, mwanzoni mwa Julai. Gavana alimjulisha Janet siku chombo kitakapopita mbele ya nyumba yake. Mama huyu ameshapita miaka 70. Akaomba aachwe peke yake barazani. Meli ikaja polepole, ikasimama mbele ya nyumba, wanajeshi wamejipanga na silaha, ngoma za msiba zinapigwa, jeneza limefunikwa kitambaa cheusi na manyoya juu. Ikaondoka. Waliporudi barazani walimkuta amezimia.

Baadaye alimwandikia mpwa wake kwamba mumewe alimwacha akiwa kijana mzima asiye na dosari, na ole, karudi vipi? Na kwamba fahari yote ile ya jeshi na muziki ndiyo iliyomzidishia uchungu. Mimi nikisoma hapo nafunga simu kwanza.

Tarehe 8 Julai 1818 akazikwa chini ya mnara wake, mji mzima umejaa barabarani. Pale pale chini pameongezwa maandishi kwamba jimbo la New York limeileta mifupa kutoka Quebec na kuiweka hapo siku hiyo. Kwa hiyo jiwe lina tarehe za watu wawili tofauti, aliyeagiza na aliyezika, na kati yao miaka 42.

Mama Tausi

Marahaba baba. Jamani huyo mama. Wamemletea mume mbele ya nyumba halafu wanapita naye, hata kushuka hawakushuka? Huku kwetu jeneza lingeingia sebuleni kwanza.

Kisima cha Ngoma

Mama Tausi umenimaliza. Mimi tumesafirisha maiti ya kaka kutoka Muscat mwaka juzi, michango, makaratasi, kusubiri ndege. Siku 9 tu tuliona kama mwaka. Mwenzetu miaka 42.

Karani Mstaafu

Nimefuatilia kimya kimya. Niongeze kidogo, maana nilipata kutembelea binti yangu huko na tulizunguka hayo makaburi.

Katika msafara wa Quebec alikuwepo kijana wa miaka 19 anaitwa Aaron Burr, msaidizi wa Montgomery. Inasimuliwa kwamba alijaribu kubeba maiti ya mkubwa wake kwenye theluji akashindwa. Hiyo ya kubeba iacheni kama simulizi. Lakini Burr huyo huyo, akiwa makamu wa rais wa Marekani, ndiye aliyempiga risasi Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, mwaka 1804. Na Hamilton, ambaye naye alikuwa ofisa katika vita vile vile, amezikwa Trinity, kanisa mama la hilo St. Paul's, dakika chache kwa miguu kushuka Broadway hiyo hiyo.

Kaburi la Hamilton ni jeupe, kubwa, watu wanaacha sarafu. Mkewe Eliza yuko mbele yake chini ya jiwe la kulala. Alimzidi umri wa kuishi kwa nusu karne, alifariki 1854. Sasa wewe fundi nikuulize. Jiwe la Hamilton linasema amekufa na miaka 47, na wapo wanahistoria wanaosema kazaliwa 1755, siyo 1757. Ikiwa hivyo alikuwa na 49. Hapo nani amekosea, mchongaji?

Fundi Makaburi (mleta uzi)

Mzee Karani, shikamoo. Mchongaji hakosei, anafuata karatasi aliyopewa! Nakutania, lakini ni kweli. Mimi niliwahi kuchonga mwaka wa kuzaliwa kama ulivyoandikwa na mtoto mkubwa wa marehemu. Jiwe limeshakauka, akaja mtoto wa mke wa pili na cheti kingine. Walibishana juu ya kaburi, mimi nimekaa na patasi mkononi nangoja. Marumaru haina kifutio. Mwisho nilibandika kibao kipya juu ya cha zamani, na hela ya kibao hadi leo sijaiona.

Na pale Trinity kuna mwingine wa kukutafakarisha. Horatio Gates, jenerali aliyepokea silaha za Waingereza Saratoga mwaka 1777, ushindi ulioileta Ufaransa vitani. Yumo ndani ya uwanja ule, lakini mahali hasa alipo hapajulikani. Jiwe la kumtaja limewekwa 2012. Montgomery alipata mnara bila maiti, Gates ni maiti bila mnara kwa zaidi ya miaka 200. Tofauti yao? Mmoja alikufa mapema, akiwa anashinda. Mwingine alifuatia kushindwa vibaya Camden mwaka 1780, akaishi hadi 1806 watu wakamzoea.

Halafu kwa mafundi wenzangu: mawe mengi ya watu wa kawaida kwenye viwanja hivi ni mchanga mgumu wa rangi ya kahawia. Jiwe hilo lina tabaka kama kitabu. Ukilisimamisha tabaka zikiwa wima, maji yanaingia kwa juu, baridi inayagandisha, yanavimba, na uso wote wa maandishi unabanduka kama maganda ya kitunguu. Nimeona la mtu limebaki neno moja na nusu ya tarehe. Kwa hiyo usidhani wasiosomeka hawakuandikwa. Waliandikwa, walinunuliwa jiwe la bei nafuu.

Shangazi wa Newala

Mleta uzi, uliahidi kinachotuhusu. Au niseme mimi?

Fundi Makaburi (mleta uzi)

Sema shangazi, jukwaa ni lako.

Shangazi wa Newala

Haya. Kanisa hilo la Trinity, mwaka 1697, liliamua kwamba hakuna mtu mweusi atakayezikwa kwenye uwanja wake. Waafrika wa New York, watumwa na walio huru, wakawa wanazika wafu wao nje ya mji wa wakati ule, kaskazini. Inakadiriwa watu 15,000 wamelala pale. Makaburi yakafungwa 1794, mji ukajengwa juu, watu wakasahau. Mwaka 1991 serikali ya Marekani inachimba msingi wa ofisi, Broadway namba 290, ikakuta mifupa. Wakatolewa 419 kabla watu weusi wa mji ule hawajapiga kelele ya kutosha kuzuia. Mwaka 2003 walirudishwa ardhini kwenye majeneza yaliyochongwa kwa mkono Ghana.

Kati yao kuna mwanamke mmoja wamempa namba 340. Mtu mzima, meno ya mbele yamechongwa. Kiunoni alikuwa na shanga zaidi ya 100.

Mimi ni mjukuu wa bibi mwenye meno yaliyochongwa. Sisemi huyo dada katokea kwetu, wengi walichukuliwa Afrika Magharibi na Kongo, ingawa wapo walioletwa New York kutoka Madagaska miaka ya 1690. Lakini shanga za kiunoni mimi sihitaji mtafsiri. Mtu kavuliwa kila kitu, jina kabadilishwa, na siku ya kuzikwa kuna mtu aliyemwosha akaziacha zile shanga mahali pake. Hana marumaru, ana namba.

Mtu Pori

Nimefuta swali langu la kwanza kichwani. Shangazi, heshima yako.

Karani Mstaafu

Miaka mitatu baada ya uamuzi huo wa 1697 ungeweza kutembea kutoka Trinity hadi kule kwenye makaburi ya Waafrika na ungekuwa umetoka mjini kabisa. Leo ni barabara moja, dakika 15.

Kisima cha Ngoma

Fundi, na hapo pa Waafrika pamejengewa nini? Kuna maandishi?

Fundi Makaburi (mleta uzi)

Ipo kumbukumbu ya jiwe jeusi, kwenye kona ya mtaa wa Duane, na vilima vidogo vya nyasi 7 ndipo walipolazwa. Nawaambieni ukweli, nimepita pale nikiwa mbio za kazi zaidi ya mara mbili, nikaiona kama bustani ya ofisi. Mimi mwenye ugonjwa wa makaburi! Montgomery nimempiga picha 30, kule sina hata moja.

Kesho nina zamu ya usiku. Nikitoka saa 12 asubuhi nitaanzia Duane. Shangazi, kama kuna unachotaka nikitazame kwa karibu niandikie kabla sijalala.

Shangazi wa Newala

Tazama viungo vimezibwa na nini.